UA LA NYANI SI HIRIZI: TUACHE KUMSINGIZIA ALLAH



Ndugu zangu katika imani, darsa la leo ni refu. Mwenye haraka aliweke alisome baada ya Isha, lakini asisome nusu akaenda kuninukuu nusu. Na kabla sijamlaumu mtu yeyote, naanza na nafsi yangu.

Wengi wenu mmeiona ile picha. Ua dogo la rangi ya kahawia, katikati lina macho mawili, pua na kidevu, uso wa nyani kabisa. Imezunguka kwenye magurupu tangu mwezi wa Shaaban. Chini yake pameandikwa mambo matatu: kwamba ua hilo huchanua mara moja tu kila baada ya miaka 100, kwamba ni mabaki ya wale watu wa Jumamosi waliogeuzwa manyani, na kwamba nyumba iliyopandwa ua hilo haiingiliwi na husda wala uchawi. Kisha mwisho: sema Subhanallah, watumie watu 20, usiku huu utasikia habari njema.

Na mimi niliisambaza. Nilikuwa nimekaa msikitini nasubiri Isha, mtu akaniletea, nikaandika Subhanallah, nikairusha kwenye gurupu la msikiti. Maneno ya chini sikuyasoma yote. Niliona uso wa nyani kwenye ua, moyo ukafurahi, kidole kikabonyeza.

Baada ya wiki kadhaa mama mmoja wa msikiti wetu, mjane, muuza vitumbua, alinijia baada ya darsa la wanawake. Alikuwa ameona mtu anauza mtandaoni mbegu za "ua la nyani", pakiti ya mbegu 10 kwa shilingi 35,000. Akatuma pesa kwa simu. Mbegu zikafika kwenye bahasha, akazipanda kwenye makopo mlangoni kwake, akazimwagilia asubuhi na jioni. Zikaota. Zilipofikisha majani sita jirani yake akamuuliza, "Mama, hizi si bilinganya?"

Zilikuwa bilinganya.

Nikamwambia, mama yangu, kwa nini hukuuliza kwanza? Akanijibu taratibu, bila hasira: "Shekhe, nikaulize kwa nani, na wewe ndiye uliyetuletea?"

Wallahi jibu hilo limeninyima usingizi. Shilingi 35,000 kwa muuza vitumbua ni mchele, mafuta na sukari ya siku nyingi. Nimemrudishia pesa yake, na nimemwambia wazi kwamba si sadaka, ni deni. Baada ya hapo ndipo nikakaa na vijana wanaojua kutafuta, nikauliza, nikasoma. Na leo nasema hadharani, kwa sababu kosa nililifanya hadharani.

UA LENYEWE NI LA KWELI

Tuanze na uadilifu. Ua lenye uso wa nyani lipo. Ni katika jamii ya mimea iitwayo okidi, jamii kubwa sana, yenye aina zaidi ya 25,000 duniani. Hili letu linaitwa Dracula simia. Hilo neno la pili ni Kilatini, maana yake nyani. Linaota Amerika ya Kusini, katika misitu ya milimani ya Ecuador, ile misitu inayofunikwa na mawingu na ukungu, kwenye ubaridi na unyevu. Halioti kwenye udongo, linakaa juu ya miti. Mtaalamu wa Marekani aitwaye Carlyle Luer ndiye aliyeliandika katika elimu ya mimea mwaka 1978.

Sasa, hilo la kuchanua kila miaka 100? Uongo. Huchanua msimu wowote, ua moja baada ya jingine kwenye kikonyo, na wanaolifuga wanasema linanukia kama chungwa lililoiva. Na wewe uliye Tanga, Lindi au Mombasa kwenye joto letu hili, hata ukiletewa mche wa kweli, mlangoni kwako utakufa kabla ya mwezi kuandama mara mbili.

Hapa ndipo hila ilipo, na mzingatie. Muongo hodari huchukua picha ya kweli na kuivisha maneno ya uongo. Ukimwambia ni uongo, anakuonyesha picha. Unanyamaza. Kumbe wewe ulikuwa unabishana na maneno, yeye anajibu kwa picha.

MBEGU WANAZOUZA

Wale wanaouza pakiti za mbegu za ua la nyani, ua la bata, ua la njiwa, nataka muwajue kwa dalili moja ambayo mtu yeyote anaweza kuihakikisha jikoni.

Vanila ni okidi. Ile ile vanila ya kwenye keki. Ndugu zetu wa Kagera wanailima, na huamka asubuhi kuchavusha ua moja moja kwa mkono, kwa sababu huku kwetu hakuna mdudu wa kuifanyia kazi hiyo. Njia hiyo ya mkono iligunduliwa mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion na mtoto mtumwa wa miaka 12, Edmond Albius. Sasa pasua ganda la vanila uangalie ndani. Utaona vumbi jeusi. Hilo vumbi ndizo mbegu zake.

Mbegu za okidi ndivyo zilivyo, ndogo kama vumbi, na ganda moja linaweza kubeba maelfu kwa maelfu. Tena hazina akiba ya chakula ndani kama hindi au kunde. Mbegu haiwezi kuota mpaka ikutane na kuvu ya aina yake, kuvu hiyo iilishe mpaka ipate nguvu. Na kutoka hapo hadi kutoa ua ni miaka.

Kwa hiyo mtu akikuletea mbegu za okidi unazoweza kuzihesabu kwa kidole, moja, mbili, tatu, na akakwambia zifukie kwenye kopo na baada ya miezi miwili utaona nyani, huyo ni mwizi. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni akaingiza mkono katika rundo la chakula, vidole vikakuta unyevu ndani wakati juu pakavu. Muuzaji akasema ni mvua. Mtume akamkemea kwa kutouweka unyevu juu watu wauone, na akatangaza kuwa mwenye kughushi hayumo katika njia yake. Huyo alificha unyevu tu, na nafaka yake ilikuwa nafaka. Huyu wetu ameuza bilinganya kwa jina la nyani, na juu yake akabandika Subhanallah.

WATU WA JUMAMOSI

Hili la kusema ua hili ni mabaki ya watu wa Jumamosi ndilo lililoniumiza zaidi, maana limetoka katika dini yetu halafu likapotoshwa. Kisa cha watu wa Jumamosi kimo ndani ya Qur'ani, na kila mwanafunzi wa madrasa anakijua. Lakini imethibiti katika Sahih Muslim kwamba Mtume alipoulizwa kuhusu manyani na nguruwe, alieleza kuwa Allah hakuwajaalia waliogeuzwa kizazi wala ufuatio, na kwamba wanyama hao walikuwepo kabla. Basi kama hata nyani wa msituni si kizazi chao, vipi jani la Ecuador liwe mabaki yao?

Mwenye kuandika vile alikuwa anatafuta kusambazwa, na alijua kwamba sisi tukiona jina la aya tunabonyeza bila kusoma. Kumzulia mtu ni dhambi. Kumzulia Allah jambo ambalo hakulisema, hiyo mizani yake mnaijua.

HIRIZI ILIYOOTA MAJANI

Na hilo la kuondoa husda. Ndugu yangu, tumepiga kelele miaka mingi kuhusu hirizi za ngozi shingoni mwa watoto. Tumezikata kwa mkono. Leo hirizi imerudi kwa mlango wa nyuma, imewekwa kwenye kopo, inamwagiliwa maji, na sisi tunaipokea kwa sababu imekuja na picha nzuri. Anayeamini kwamba ua linamlinda, ajiulize tofauti yake na yule aliyefunga kitambaa cheusi ni nini.

Mola ametupa Falaq na Nas. Hazina bei, na hazihitaji mbolea.

"LAKINI SHEKHE, KUNA UBAYA GANI?"

Nilipoanza kuyasema haya, baadhi ya mashekhe wenzangu waliniambia: usiwavunje moyo watu. Picha imewafanya waseme Subhanallah. Nia ni njema. Kuna ubaya gani?

Nawajibu hapa, kwa heshima, lakini nawajibu.

Siku aliyofariki Ibrahim, mtoto wa Mtume wetu, jua lilipatwa. Watu wa Madina wakasema jua limepatwa kwa ajili ya kifo chake. Fikirini hali ile. Baba amefiwa na mtoto. Mji mzima uko tayari kuamini kwamba mbingu zinamlilia. Wapinzani wapo wanaomkanusha. Asingehitaji kusema uongo, ilitosha kunyamaza tu, na watu wangezidi kuamini. Hakunyamaza. Alisimama akawaambia kuwa jua na mwezi ni katika ishara za Allah, havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kuzaliwa kwake.

Sasa mimi na wewe ni nani? Yeye mwenyewe alikataa muujiza wa bure aliopewa na watu wake, sisi tunautafuta kwenye mtandao?

Na lipo jambo jingine. Kule Panama kuna okidi nyeupe iitwayo Peristeria elata. Ukichungulia ndani ya ua lake unaona njiwa mdogo ametandaza mbawa. Wakatoliki wa huko wameliita ua la Roho Mtakatifu, na ni ua la taifa lao. Wajapani nao wana okidi yenye umbo la yangeyange anayeruka, mweupe, mpaka manyoya ya mbawa unayaona, na hao wengi wao si Wakristo wala Waislamu. Wewe unayesema uso wa nyani ni ushahidi wa dini yako, utamwambia nini Mpanama mwenye njiwa? Kama umbo la ua ni hoja, basi hoja yake ni nzuri kuliko yako, maana njiwa ana heshima kuliko nyani. Ukimkatalia njiwa wake, mkatalie na nyani wako. Mizani iwe moja. Dini yetu haikujengwa juu ya maumbo ambayo kila mtu anayasoma kwa macho aliyokuja nayo.

AYA IKO WAPI BASI?

Mtu atasema, shekhe umetunyang'anya ua. Sijakunyang'anya. Nataka nikupe kubwa zaidi.

Ule uso wa nyani unauona wewe kwa sababu wewe ni binadamu, na macho ya binadamu hutafuta nyuso kila mahali, hata kwenye wingu, hata kwenye ukuta wenye madoa. Ua halikuumbwa likuchekeshe wewe. Sehemu ile unayoiita kidevu cha nyani, kwa okidi za kundi lile, inafanana na uyoga kwa umbo na kwa harufu. Vinzi vidogo vinavyoishi kwenye uyoga huvutwa, huja, na huondoka na chavua. Nyani hana habari na ua lile, na ua halina habari na nyani. Kazi inafanyika kati ya ua na kinzi, kwenye ukungu, ambako hakuna mtu wa kupiga picha.

Nenda Australia. Kuna okidi iitwayo Caleana major. Ukiitazama unaona bata anaruka, kichwa, shingo, mbawa. Ua lenyewe halizidi ncha ya kidole. Lakini lile unaloliona kama kichwa cha bata ni mdomo wa ua wenye bawaba. Mdudu mmoja dume, wa jamii ya karibu na nyigu, huvutwa akidhani amekuta jike. Akitua, bawaba inafyatuka, inamsukumiza ndani, anahangaika, anatoka na chavua mgongoni. Mdomo unarudi mahali pake kungoja mwingine. Nenda nchi za Bahari ya Kati, utakuta okidi za Ophrys, zimevaa vinyweleo kama nyuki, na zinatoa harufu inayofanana na ya nyuki jike.

Na Madagaska, jirani zetu hapa, kuna okidi nyeupe iitwayo Angraecum sesquipedale, yenye mrija mrefu karibu sentimita 30, na asali yake iko chini kabisa. Mwaka 1862 Darwin aliandika kwamba lazima yuko nondo mwenye ulimi wa urefu huo. Nondo huyo alikuja kuandikwa kitaalamu mwaka 1903, miaka 41 baadaye. Katika mengine sikubaliani naye, lakini katika hili alitazama kwa makini, akafikiri, akasema lenye hoja. Sisi wenye Kitabu kinachotuamrisha kutazama, tunatazama kwa sekunde mbili na kubonyeza.

Angalieni Qur'ani inatuelekeza tutazame nini. Katika Sura Al-Ghashiya ni ngamia alivyoumbwa, na mbingu, na milima, na ardhi. Ngamia! Mwarabu alikuwa analala naye mlangoni. Kuna sura ya nyuki, sura ya chungu, na mfano wa mbu. Hakuna aliyepelekwa kutafuta vioja vya mbali. Ameambiwa atazame kilicho mbele yake, mpaka akione.

ALIYEPOTEA KARIBU

Sasa sikilizeni kwa nini sikubali kuliita hili jambo dogo.

Kijana mmoja wa madrasa yangu, yuko kidato cha tatu, aliitafuta picha ile mwenyewe. Akajua ua linaota wapi na huchanua lini. Hakunisema mbele za watu, Allah amlipe adabu yake. Alisubiri wenzake watoke, akaniuliza: "Maalim, kama hili ulilotutumia ni la uongo, haya mengine unayotufundisha nitayajuaje?"

Hapo ndipo nilipojua bei halisi ya Subhanallah yangu ya kubonyeza. Mjane nilimlipa 35,000 tukamalizana. Huyu nitamlipa nini?

Nilimwambia: mwanangu, haya mengine yana isnadi. Fulani kutoka kwa fulani, na kila mmoja anajulikana ukweli wake, kumbukumbu yake na mahali alipoishi. Wanazuoni walisafiri miezi kwa ajili ya hadithi moja. Maneno ya chini ya ile picha isnadi yake ni mshale na "imesambazwa mara nyingi". Mimi niliacha kipimo chetu wenyewe, ndiyo maana nikakosea. Usikiache wewe.

Imam Muslim ameweka mwanzoni mwa Sahihi yake onyo la kwamba kusimulia kila unachokisikia kunatosha kumfanya mtu kuwa muongo. Na Sura Al-Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuhakikisha habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Mimi nimedhuru, na nimejuta. Aya imenipata.

OKIDI ZETU HATUZIONI

Na dhulma haiwaangukii watu peke yao. Huku pwani yetu, Kenya na Tanzania, kuna okidi iitwayo Ansellia africana. Maua yake ni ya manjano yenye madoa ya kahawia kama ngozi ya chui, na kwa hiyo wengine huiita okidi chui. Inakaa juu ya miti, na mizizi yake mingine imesimama wima kama sindano, inakusanya majani makavu yaoze yawe chakula chake. Tunapita chini yake kila siku. Anayeiona, aghalabu huipandia kwa panga aing'oe akaiuze barabarani.

Na Kitulo, nyanda za juu kusini, wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu. Pamefanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua, na humo zimo aina nyingi za okidi za ardhini. Kule viazi vya okidi vimechimbwa kwa miaka, mamilioni, na kupelekwa Zambia kutengeneza chakula kiitwacho chikanda. Ukichimba kiazi, mmea umekwisha. Sasa jiulize, tukianza kuwaambia watu kwamba okidi inaondoa husda, itabaki mingapi? Uongo wetu wa simu una panga mkononi.

TUFANYE NINI

Kwanza, kila aliyesambaza ile picha na maneno yake arudi kwenye gurupu lile lile aandike kwamba maneno yalikuwa ya uongo. Si kufuta kimya kimya. Toba ya kosa la hadharani ni hadharani.

Pili, kama kuna mtu aliyenunua mbegu kwa sababu yako, mtafute. Ukiweza mrudishie, usipoweza muombe radhi uso kwa uso.

Tatu, ujumbe wowote unaokulazimisha utume kwa watu 20 ili upate heri, uishie kwako. Heri haina idadi ya watumiwa.

Nne, ukitaka kusema Subhanallah kwa ajili ya ua, toka nje. Tafuta hata ua la mpapai, kaa nalo robo saa, uone nani anakuja na nani anaondoka. Kisha useme. Subhanallah ile itatoka mahali pengine.

Yule mama ameacha bilinganya zikue. Juzi alinipelekea nyumbani tano, akacheka, akasema, "Manyani yako haya, shekhe." Tulizila, na zilikuwa nzuri. Allah amzidishie riziki, na atusamehe sisi tunaosema kwa jina Lake tusiyoyajua.

Hili darsa, ukitaka, lisambaze. Lakini lisome kwanza.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.